SHAMBA LA CHUO: DARASA LINALOPASWA KUJILIPIA

(Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri mbele ya wakazi wa kata, katika mkutano wa hadhara uliojadili matumizi ya shamba la chuo cha kilimo na mifugo kilichomo katani.)



Nimetakiwa nieleze jambo ambalo limekuwa likizungumzwa sana magulioni na kwenye vijiwe vya kahawa: kwa nini chuo cha kilimo kinafanya biashara. Wapo wanaouliza inakuwaje chuo, ambacho kazi yake ni kufundisha, kinapanga madumu ya maziwa getini kila asubuhi kama mwenye duka. Wapo wanaosema eneo lile ni kubwa mno kwa wanachuo wachache, hivyo likatwe na wananchi wagawiwe. Na wapo kina mama wauza maziwa wanaosema bei ya chuo inawafukuza sokoni. Hoja hizi tatu hazifanani, wala hazina jibu moja. Halmashauri haina mamlaka ya kuikata ardhi ya chuo, lakini ina wajibu wa kuwaelewesha wananchi kinachofanyika humo na kupeleka mbele kile wanachokidai kwa haki.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Chuo cha kilimo huweza kuwa na mashamba ya namna mbalimbali. Kuna vipande vya mfano, hatua kumi kwa hatua kumi, ambako mkufunzi huonyesha tofauti ya mahindi yaliyotiwa mbolea na yasiyotiwa. Kuna vipande vya watafiti, vyenye vibao na namba, ambavyo mavuno yake hupimwa kwa uangalifu mkubwa na kuandikwa. Na kuna shamba kamili la uzalishaji, lenye mifugo, mazao, wafanyakazi, wateja na madeni, ambalo mwaka ukiisha lazima lionyeshe kama limepata au limepoteza. Ubishi wetu wa leo unahusu hilo la tatu.

Kipande cha mfano humfundisha mwanachuo namna ya kupanda. Hakimfundishi kama kupanda kwenyewe kunalipa. Mahindi ya hatua kumi hustawi karibu kila mwaka kwa sababu maji hubebwa kwa ndoo, palizi hufanywa na vijana arobaini kwa nusu saa, na hakuna anayeuliza gharama. Kijana huyo akirudi kwao akalima ekari tatu kwa maarifa yaleyale, hushangaa kuona fedha imekwisha kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Ndiyo maana vyuo vinavyotaka kutoa wakulima, na si wenye vyeti vya kilimo tu, hulazimika kuwa na shamba linalouza.

Wazo hili si geni kwetu. Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Humo alitaka kila shule iwe pia jumuiya ya uzalishaji. Shamba liwe sehemu ya masomo yenyewe. Wanafunzi washiriki kuamua nini kipandwe na mapato yatumikeje. Na waone kwa macho yao kwamba wakizembea hali yao inashuka, wakijituma inapanda. Alitahadharisha pia dhidi ya mashamba ya shule yaliyojaa zana za gharama ambazo mwanafunzi hatazikuta nyumbani kwao. Wenye umri hapa wanajua kilichofuata katika shule nyingi. Jembe likawa adhabu ya mchelewaji, mavuno yakaenda yalikokwenda, na daftari la mapato halikufunguliwa mbele ya mwanafunzi hata siku moja. Kazi ya mikono ilibaki. Uamuzi na hesabu, ambavyo ndivyo vilivyokuwa elimu, vikaachwa. Nalitaja jambo hili mapema kwa kuwa ndicho kipimo nitakachokitumia kwa chuo chetu pia.

Majirani zetu wa Kenya wana mfano unaofaa kutazamwa. Chuo Kikuu cha Egerton, kule Njoro, kilianza mwaka 1939 kama shule ya shambani iliyoanzishwa na bwana mmoja wa Kiingereza, Maurice Egerton, aliyetoa ardhi ya ekari 740. Shabaha yake ilikuwa kuwaandaa vijana wa kizungu kuwa walowezi wakulima. Mkazi wa Njoro aliliona shamba lile akiwa nje ya uzio, au ndani yake akiwa kibarua. Baadaye milango ilifunguliwa kwa watu wa rangi zote, na mwaka 1987 chuo kikawa chuo kikuu kamili. Ardhi ni ileile na udongo ni uleule. Kilichobadilika ni nani anayeruhusiwa kujifunza juu yake. Kwa hiyo mwananchi anapoliuliza shamba la chuo swali la "wewe unamfundisha nani?", haulizi jambo la kijinga.

Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 1984, kina msitu wa mafunzo Olmotonyi, Arusha, katika miteremko ya Mlima Meru. Wanachuo wa misitu hujifunza humo kupima miti, kuipunguza na kuivuna, na miti hiyo huuzwa. Aliyeupanda msindano si yeye atakayeukata. Anayeukata anategemea kumbukumbu zilizoandikwa na waliomtangulia kwa miaka mingi. Na huko Uingereza, Harper Adams, chuo kilichofunguliwa mwaka 1901 kwa mali aliyoiacha mkulima mmoja kwa wosia, bado kinaendesha shamba la biashara. Mwaka 2017 wataalamu wake walipanda, wakatunza na kuvuna shayiri katika kipande cha hekta moja bila mtu yeyote kukanyaga shambani, mashine zikijiendesha zenyewe. Ni habari ya kufurahisha, ingawa nashuku mkutano huu ungependa kwanza trekta lenye dereva lipatikane kwa wakati.

Sasa niwapeleke zizini, maana huko ndiko jambo hili linakoonekana vizuri zaidi.

Ng'ombe wa maziwa huingia kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto lenyewe halimalizi siku nzima. Kanuni wanayofundishwa wanachuo ni hii: anayeonekana asubuhi akisimama kupandwa na wenzake, huhimilishwa jioni, anayeonekana jioni, huhimilishwa asubuhi inayofuata. Zamu ya kuangalia alfajiri ikipewa kijana aliyepitiwa na usingizi, dalili hupita bila mtu kujua, na nafasi nyingine haiji mpaka wiki tatu ziishe. Katika wiki hizo tatu ng'ombe anakula. Pumba zinanunuliwa, mashudu yananunuliwa, dawa ya kuogesha inanunuliwa. Siku ya kuzaa imesogea mbele, na maziwa ya siku 21 hayatapatikana tena. Darasani kosa hili hupewa alama ndogo, kisha hufutwa ubaoni. Katika shamba la biashara meneja humketisha kijana, wakafungua daftari, wakapiga hesabu pamoja mpaka shilingi ya mwisho. Somo hilo haliwezi kutolewa mahali ambapo hakuna mteja anayeyadai yale maziwa.

Lakini upande wa pili nao una ukweli wake. Meneja anayepimwa kwa lita hapendi mikono ya mwanagenzi imguse ng'ombe wake. Ng'ombe akisafishwa kiwele na kuchochewa, hushusha maziwa kwa dakika chache tu. Mkamuaji mwepesi huyamaliza, ila anayejifunza huchukua nusu saa na kuyaacha mengine ndani. Mikono ikiwa haikuoshwa vizuri, ugonjwa wa kiwele haukawii. Hasara hiyo ni ya shamba. Basi meneja akiachwa peke yake atawaweka wanachuo wafagie zizi na kubeba majani, huku vibarua wazoefu wakikamua. Mwaka utaisha kwa faida nzuri na vijana watahitimu hawajui kukamua. Mkufunzi naye akiachwa peke yake atawapanga vijana ishirini kwa ng'ombe mmoja, na mwisho wa mwezi hakuna hela ya kununua pumba.

Vyuo vinavyofanya vizuri huutatua ugomvi huu kwa utaratibu, wala si kwa maneno matamu. Mwanachuo huanza na glavu ya mpira iliyojazwa maji na kutobolewa vidole, mpaka mkono ujue kubana bila kuvuta. Kisha hupewa ng'ombe mpole aliye karibu kukaushwa, ambaye maziwa yake ni machache, na mkamuaji mzoefu humalizia nyuma yake. Hufundishwa kutoa michirizi ya kwanza katika kikombe cheusi ili mabonge yaonekane. Baada ya hapo ndipo huingia katika zamu ya kawaida, pamoja na za usiku, za Idi na za Krismasi, kwa sababu ng'ombe hajui likizo. Na gharama ya muda ule wa kujifunza huandikwa katika hesabu za mafunzo, ikalipwa na chuo kutoka fungu la mafunzo. Haifichwi katika hesabu za shamba. Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima kwa maoni yangu. Shamba likibebeshwa gharama za darasa, litaonekana linapata hasara hata kama linaendeshwa vizuri. Na darasa likibebwa na shamba bila kuandikwa, hakuna atakayejua elimu inagharimu kiasi gani. Daftari ni mawili, na mwanachuo anapaswa kuyaona yote mawili.

Kuna kipimo kingine cha chuo, nacho ni maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa. Dawa nyingi za kutibu kiwele huandikwa siku ambazo maziwa hayaruhusiwi kuuzwa wala kunywewa. Ni lita nyingi za kumwaga, na mfuko wa shamba unauma. Siku hiyo mwanachuo hujifunza kama mkufunzi wake anaamini anachokifundisha. Mkazi anayenunua maziwa getini ana haki ya kuuliza utaratibu huo unafuatwaje, na ningependa aulize.

Kwenye mazao hesabu ni rahisi zaidi. Mahindi yakipandwa mche mmoja kwa shimo, sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, hekta moja hubeba miche 44,444. Kamba ikifungwa mafundo vibaya, ikawa sentimita 45 badala ya 30, miche inashuka hadi 29,629. Theluthi nzima ya miche imepotea, na aliyeshika kamba hakuona kitu. Mbolea ya kupandia ni ileile na trekta lililolima ni lilelile. Mwanachuo akihesabu miche baada ya wiki mbili, akarudi kwenye kamba, hatasahau maisha yake yote. Tatizo kubwa la mazao ni kalenda: mvua haiulizi ratiba ya mitihani. Mara nyingi vijana hupanda wakiwa chuoni, kisha mahindi yakavunwa na kuuzwa wao wakiwa likizo, hivyo somo la bei, la magunia na la ghala huwapita. Chuo kingegawa likizo kwa zamu, kundi moja likabaki wakati wa mavuno na kulipwa posho, shamba lingepata wafanyakazi na vijana wangeuona mwisho wa hadithi.

Narudi kwa kina mama wa maziwa, kwa kuwa hoja yao ndiyo nzito kuliko zote nilizozisikia. Mama mwenye ng'ombe wawili hununua pumba kwa fedha taslimu, hukodi kijana wa kukata majani, na maziwa yake yakichacha hasara ni yake. Chuo kinatumia ardhi kisichoilipia kodi ya pango, wanachuo wasiolipwa mshahara, na meneja ambaye mshahara wake hutoka serikalini. Kikipanga bei kwa kuangalia pumba na dawa peke yake, bei hiyo ni ya uongo. Inamwondoa mama sokoni, na inamdanganya mwanachuo pia, kwa kuwa siku akianza ufugaji wake atakuta hawezi kuuza kwa bei ile bila kufilisika. Bei ya haki ya shamba la chuo ni ile inayohesabu nguvu kazi kama ingekodiwa, ardhi kama ingepangishwa, na uchakavu wa mashine na mabanda. Ikihesabiwa hivyo, ama chuo kitauza kwa bei inayokaribiana na ya mama, ama kitagundua kwamba kinazalisha kwa ufanisi zaidi na kitakuwa na jambo la kumfundisha. Ofisi yetu imepokea hoja hii kwa maandishi, na itaiwasilisha kwa uongozi wa chuo kama ilivyo.

Lipo na jambo la kuongeza. Chuo chenye tangi la kupozea kinaweza kupokea maziwa ya wafugaji wa jirani, yakapimwa mbele yao, yakauzwa pamoja na ya chuo kwa mnunuzi mmoja. Wanachuo wangejifunza upimaji na ukusanyaji, ambao ni kazi yenye ajira, na kina mama wangeacha kushindana na jirani mwenye nguvu kuliko wao. Hilo si ahadi ya Halmashauri. Ni pendekezo linalopaswa kujadiliwa na pande zote mbili.

Kuhusu ardhi, naomba tuseme ukweli wote. Sehemu ya kile kinachoitwa pori ni malisho yanayopumzishwa. Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 500 hula takriban kilo 15 za chakula kikavu kwa siku, yaani zaidi ya tani 5 kwa mwaka. Tuseme kundi ni la ng'ombe 30: hapo zinatakiwa zaidi ya tani 160, na za kiangazi lazima zikatwe na kuhifadhiwa wakati wa mvua. Anayepita barabarani mwezi wa nne huona majani yamesimama bure. Akirudi mwezi wa tisa atayakuta yamefungwa marobota ghalani. Ng'ombe wa nje kuzuiwa kuingia humo nako kuna sababu. Kupe wanaoeneza ndigana kali hawana mipaka, na ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia katika kundi la chuo, mafunzo na mauzo husimama kwa pamoja. Dawa ya kukanyaga pale getini haikuwekwa kumdharau mtu.

Hata hivyo, kama kuna sehemu ambayo haijalimwa, haijalishwa wala haijapumzishwa kwa mpango kwa miaka kadhaa, basi mwananchi anayeikodolea macho huku akikodi nusu ekari mbali ana hoja. Chuo kitolee ramani ya shamba zima, kila kipande kikiwa na matumizi yake ya mwaka huu na ya mwaka ujao, ibandikwe ofisi ya kata. Kilichobaki bila matumizi kijadiliwe hadharani: kukodishwa kwa vikundi kwa mkataba ulioandikwa, wanachuo wakipangiwa kuvisaidia vikundi hivyo kutunza kumbukumbu, ni njia mojawapo. Kuigawa moja kwa moja ni jambo jingine, na sitawadanganya kwamba linawezekana katika ngazi hii. Zaidi ya hayo, chuo kisicho na ardhi hufundisha kilimo cha ubaoni, na sisi ndio tutakaopelekewa maafisa ugani waliokisomea.

Kwa wale wanaotaka kunufaika na shamba hili sasa hivi, ninayo machache. Anayenunua mtamba chuoni asinunue kwa kuangalia ngozi inayong'aa. Aombe kadi yenye tarehe ya kuzaliwa, baba na mama wa mtamba, na lita alizotoa mama katika uzao uliotangulia. Aulize kama amechanjwa ndigana kali na kama ana hereni ya sikioni inayoonyesha hivyo. Aulize kama kundi limepimwa ugonjwa wa kutupa mimba. Kwa mnunuzi wa vifaranga, aulize ratiba ya chanjo iliyokwisha kutolewa na iliyobaki, kwa sababu kifaranga wa bei nafuu asiyechanjwa kideri ni ghali. Chuo kikisema hakina kumbukumbu hizo, mnunuzi asinunue, na atuarifu.

Vijana, mnajua kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri hutengwa kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vingi vya ufugaji huandika andiko zuri, kisha vikaanguka kwa sababu hakuna daftari la chakula, la vifo wala la mauzo. Kikundi kinachokusudia kuomba mkopo wa kuku au ng'ombe kimwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, naye atakiombea nafasi ya kukaa na mtunza kumbukumbu wa shamba la chuo kabla ya kujaza fomu.

Maoni ya maandishi kuhusu bei, ramani ya shamba na tangi la maziwa yapelekwe ofisi ya Mtendaji wa Kata, yakiwa na jina la kitongoji, ili majibu ya chuo yakija yasomwe katika mkutano kama huu na kuchapishwa katika jarida hili. Mheshimiwa Diwani, nimemaliza maelezo yangu, na muda uliobaki ni wa maswali. Ningeomba kina mama wa maziwa wapewe nafasi ya kwanza.